Homa ya Mlima Kindule

Nchi hii ipo, wala haiko mbali, ila jina lake limekatazwa kutajwa na serikali mbili. Ya kwanza imeshaondoka. Ya pili imerithi waraka wa katazo, pamoja na droo uliyokuwamo. Kwa hiyo tutaiita nchi tu, na wananchi wake watatusamehe, maana kusamehe ndiyo kazi wanayopewa mara nyingi kuliko zote.

Kusini mwa nchi hiyo kuna mlima uitwao Kindule, na huko juu waliishi Wandule, watu wa ulezi, mbuzi na maneno mengi. Hawakuwa na chifu. Likitokea jambo walikaa chini wakabishana mpaka mbishi wa mwisho akauke koo, ndipo wakatenda. Mambo yalikawia, lakini hakuna aliyewahi kulala njaa kwa ajili ya kukawia huko.

Siku Serikali ya Wageni ilipopanda mlima, ilipanda na askari thelathini, mkalimani mmoja aitwaye Geuza, na fomu. Aliyeongoza msafara alikuwa Bwana Mkubwa wa Wilaya, mtu mwembamba mwenye shingo nyekundu, ambaye kabla ya kusema lolote aliinua kidole na kutamka neno moja la Kiswahili alilolijua vizuri: "Taratibu!" Kabla jua halijafika utosini, Wandule walikwisha kumpa jina la Bwana Taratibu.

Fomu yake ilikuwa na mistari mitatu. Jina la kabila, akaandika. Idadi; akakisia, akaandika. Jina la chifu; kalamu ikasimama.

"Chifu wenu ni nani?" aliuliza kupitia kwa Geuza.

"Hatuna," walijibu watu.

Bwana Taratibu akaitazama fomu, akaigeuza upande wa nyuma, akairudisha. Hapakuwa na mahali pa kuandika "hatuna." Akainua macho akiwa na wasiwasi wa mtu ambaye kazi yake inataka kuharibika. Watu wote walikuwa wamesimama, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Kasyupa, mchonga vinu, mtu wa miaka arobaini na sita, aliyekuwa amekalia kinu kilichofudikizwa ili aone kama kitako chake kinayumba.

"Mbona yule ameketi mbele yangu?" aliuliza Bwana Taratibu.

"Anajaribu kinu," walisema watu.

"Anasema ni desturi," alitafsiri Geuza, aliyekuwa na njaa na kutaka kushuka.

Hivyo ndivyo Kasyupa alivyokuwa Chifu Kasyupa wa Kwanza, akiwa na vumbi la mti kwenye nywele. Alivikwa koti lenye vifungo vya shaba lililoshonewa mtu mnene kuliko yeye, akakabidhiwa muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao na kidau cha wino wa zambarau. Bwana Taratibu akahutubia kwa saa nzima. Kwa kifupi alisema hivi:

"Serikali haimlazimishi mtu. Amri zote zitatoka kwa chifu wenu mwenyewe. Sisi tutaziandika, yeye atazipiga muhuri, ninyi mtazitii. Hivyo mtakuwa mmejitawala."

Kasyupa alipofika nyumbani, mkewe Tusekile alikuwa anapepeta. Wawili hao walikuwa na binti mmoja, Ambele, aliyeolewa ng'ambo ya mto, na kwa jina lake ndivyo walivyoitana.

"Baba Ambele, umevaa nini?"

"Serikali."

"Inakubana?"

"Inanipwaya."

"Basi ivue ule. Ugali unapoa."

Mwaka wa kwanza wa uchifu haukuwa na makuu. Kasyupa aliendelea kuchonga vinu, na koti akalitundika penye kuku, likatagiwa mayai. Mwaka wa pili ikaja amri: matuta yote ya ulezi yang'olewe, ipandwe pamba. Serikali ilikuwa imegundua kwamba Wandule wana shida kubwa ya kukosa pamba, shida ambayo wao wenyewe hawakuwa na habari nayo.

Kasyupa alipiga muhuri kwa sababu aliambiwa ni karatasi tu. Wanawake waligawiwa mbegu, kibaba kwa kila nyumba. Jioni hiyo ndipo Tusekile alipowaita jirani zake, wakaweka vyungu motoni na kuzichemsha mbegu zote, wakizikoroga kwa upole kama wanaopika kunde. Kesho yake wakazipanda kwa mistari iliyonyooka, huku Bwana Shamba akiwasifu kwa bidii yao.

Hazikuota. Zikaletwa nyingine. Hazikuota. Msimu wa tatu walikuja wataalamu wanne wenye chupa na mizani. Wakauonja udongo kwa ncha ya ulimi, wakaunusa, wakaukaripia, na mwisho wakaandika ripoti yenye kurasa tisini. Ripoti ilihitimisha kwamba udongo wa Kindule ni mkaidi, na kwamba ukaidi huo, kwa kuwa umerudiwa mara tatu, ni wa makusudi.

Kesi ikafunguliwa. Serikali dhidi ya Udongo wa Kindule. Bonge la udongo lililetwa mahakamani ndani ya bakuli, likasomewa mashitaka, likaulizwa kama lina la kusema. Lilinyamaza. Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa ameonyesha dharau. Udongo ukahukumiwa viboko mia mbili na arobaini.

Geuza ndiye aliyempelekea Kasyupa hukumu ile apige muhuri.

"Inasemaje?" aliuliza Kasyupa, asiyejua kusoma.

"Ni hukumu ya udongo tu, Chifu. Hakuna mtu humo."

Kasyupa akacheka. Alidhani Wageni hatimaye wamerukwa na akili, na kwamba watakwenda zao. Akapiga muhuri.

Hakuwahi kusomewa kifungu cha chini. Kilisema kwamba, kwa vile udongo hauna mgongo, viboko vitapokewa kwa niaba yake na wale wanaoulima. Askari wakawachukua wanawake ishirini na wanne, kumi kwa kila mmoja, hesabu ikatimia. Walichapwa hadharani, kila mmoja akiwa ameinamishwa juu ya tuta lake.

Tusekile alirudi nyumbani akitembea kama mwenye kubeba mtungi uliojaa pomoni. Hakulia. Alilala kifudifudi, na Kasyupa alipomsogelea na majani ya kumkanda, alisema maneno machache tu.

"Walitusomea kwanza. Muhuri wako niliuona. Ni wa zambarau."

Baada ya hapo hakusema naye kwa siku nne. Alimwekea chakula, alimwekea maji ya kuoga, na hakusema naye.

Siku ya tano ikaja karatasi nyingine. Safari hii Kasyupa alimtaka Geuza aisome neno kwa neno, na Geuza, alipoyaona macho yake, akaisoma ilivyo. Wandule wote wahame mlimani na kuteremka bondeni, ndani ya uzio wa waya, katika kijiji kipya kitakachoitwa Kijiji cha Amani. Atakayekutwa mlimani baada ya mwezi mmoja atahesabiwa kuwa mnyama wa porini.

"Niachie," alisema Kasyupa. "Nitapiga jioni."

Geuza alipoondoka, Kasyupa alikwenda uani, akachukua muhuri, akautumbukiza ndani ya kinu, akaanza kutwanga. Mpini ulivunjika upesi, lakini mpira ulikuwa ukiruka kila ukipigwa, na jasho likaanza kumtoka. Tusekile alisimama mlangoni akimtazama. Kisha, mgongo ukiwa bado umevimba, akachukua mchi wa pili, akasimama mbele yake, wakapokezana. Walitwanga mpaka kukabaki unga wa zambarau.

"Umekawia, Baba Ambele," alisema.

"Nimekawia," alikubali.

Kisha wakaenda kwa jirani kubishana juu ya njia gani ya kupanda msituni.

Kilichofuata kilidumu miaka miwili, na serikali haikukiita vita. Bwana Taratibu alieleza sababu: vita hutangazwa kati ya nchi na nchi, na kwa kuwa Wandule walikuwa mali ya nchi yenyewe, mali haiwezi kumpiga mwenye mali. Kikaitwa Usumbufu. Wandule walisumbua kwa mishale, kwa magobore yaliyofungwa kwa ngozi za mbuzi, na kwa mawe makubwa waliyoyasukuma kutoka juu kila magari ya askari yalipokuwa kwenye kona. Serikali nayo ilituliza kwa bunduki, kwa kuchoma maghala, na mwaka wa pili kwa ndege mbili zilizokuja kila Jumanne, ukiondoa sikukuu.

Kwa kuwa haikuwa vita, hapakuwa na wa kufa vitani. Lakini watu walikufa, na ofisi haipendi kitu kisicho na jina. Daktari wa wilaya akapewa orodha ya magonjwa kumi na mawili yanayotambuliwa na serikali achague moja. Akachagua homa ya mlima. Tangu hapo Mndule aliyekutwa na tundu kifuani aliandikwa homa ya mlima, na aliyekutwa bila kichwa aliandikwa homa kali ya mlima.

Tusekile alishikwa na homa hiyo asubuhi ya Jumanne moja, kwenye kijito cha Lwiza, alipokuwa akiwatekea maji wapiganaji. Risasi tatu za askari zilimpata. Kasyupa alikuwa kilima cha pili. Aliposhuka mbio, alikuta kibuyu kimelala ubavu na maji bado yanatoka, kidogo kidogo. Alikisimamisha, akakiegemeza kwenye jiwe ili maji yasimwagike yote. Hata yeye hakujua kwa nini alianza na kibuyu. Baadaye ndipo alipopiga magoti na kumgeuza mkewe uso juu.

Alichimba kaburi peke yake kwa mti wa kuchimbia viazi, akamzika pale pale juu ya kijito. Wenzake walimsihi waondoke. Akawaambia watangulie. Askari walipofika walimkuta ameketi ukingoni mwa kaburi, mikono imejaa udongo mpaka viwiko, wakamkamata bila shida yoyote. Gazeti la serikali liliandika kwamba Chifu Kasyupa ametekwa baada ya mapigano makali.

Gerezani alikuta kwamba bado ni chifu. Sheria haikuwa na njia ya kumfukuza mtu kazi ambayo hakuiomba. Bwana Taratibu alimjia na muhuri mpya na vyeti vya vifo mia sita na kumi na viwili, vimefungwa kwa kamba.

"Kifo cha mwenyeji huthibitishwa na chifu wake," alisema kupitia kwa Geuza. "Piga muhuri hapa, homa ya mlima, uende nyumbani."

"Sipigi."

"Taratibu!"

"Taratibu gani? Hawa hawakuugua."

Bwana Taratibu akarudi mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine. Kila mara Kasyupa aliulizwa na kila mara alijibu vilevile. Askari wa zamu wakazoea, wakawa wanamletea kiti Bwana Taratibu kabla hajaomba.

Wakati huo huo, katika mji mkuu, mambo yalikuwa yamekwenda mbele. Chama cha Ukombozi kilikuwa kimefanya mikutano mingi katika ukumbi wenye feni, na Wageni, ambao Usumbufu wa Kindule ulikuwa umewachosha kuliko walivyopenda kukiri, walikubali kuondoka. Walitoa sharti moja dogo: jalada la Kindule lifungwe kwanza, ionekane kwamba hapakuwa na vita, ili siku za mbele asije mtu kuuliza nani alimpiga nani. Viongozi wa Chama walitafakari kwa muda wa chai moja. Waliona kwamba kama palikuwa na vita, basi palikuwa na watu waliopigana, na watu hao si wao. Wakakubali kwa kauli moja.

Aliyetumwa gerezani alikuwa Mheshimiwa Wakili Demetri Pandisha, kijana mnene mwenye miwani na moyo laini. Alimpigia Kasyupa magoti kabisa.

"Shikamoo, mzee wetu. Shujaa wetu. Nchi nzima inakutazama wewe. Hizi karatasi zikishapigwa muhuri tu, uhuru huu hapa."

"Marahaba. Safari moja niliambiwa karatasi ni hukumu ya udongo," alisema Kasyupa. "Sijui kusoma. Nisomee."

"Zote, mzee?"

"Zote."

Wakili akavua koti, akaketi sakafuni, akaanza. Alisoma jina, na Kasyupa akaeleza. Huyu alichomwa ndani ya ghala, alikuwa amerudi kuchukua mbegu. Huyu alikuwa bibi wa miaka themanini, hakuweza kukimbia, aliwaambia wamwache. Huyu alikuwa fundi wa zeze, alitufanya tucheke hata Jumanne. Walimaliza siku ya kwanza wakiwa kwenye jina la mia na sabini. Siku ya pili Wakili alianza kufuta miwani kila baada ya majina machache. Siku ya tatu, adhuhuri, alisoma: "Tusekile binti Mwasanga."

Kasyupa aliinua mkono. Wakili akangoja.

"Huyo mwandike ninavyokuambia," alisema. "Alichapwa viboko kumi vya udongo. Akapigwa risasi tatu, akiwa na kibuyu cha maji. Alikuwa mke wangu. Endelea."

Walipomaliza jina la mwisho Wakili alikuwa analia waziwazi.

"Mzee, nimeguswa. Maisha yangu yote sitasahau."

"Kwa hiyo hutaniomba tena nipige muhuri?"

"Siwezi, mzee. Haki ya Mungu, siwezi kukuomba."

Akajipangusa uso, akatazama saa, akaona kwamba ndege ya kwenda kwenye mazungumzo inaondoka saa kumi. Akauchukua muhuri, akapiga mwenyewe vyeti vyote mia sita na kumi na viwili, kwa niaba ya familia. Alipofika cha mia mbili, mkono ulichoka, akabadilisha.

Uhuru ukaja. Ulikuja na gwaride, fataki na hotuba ya saa tatu, ambamo mkuu mpya wa nchi alitangaza kwamba hii ni nchi pekee duniani iliyojikomboa kwa hoja na busara, bila kumwaga hata tone moja la damu. Maneno hayo yalichapwa kwenye stempu na kwenye majalada ya madaftari. Wakili Pandisha akawa Waziri wa Kumbukumbu. Geuza, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua funguo za ofisi, akawa Bwana Mkubwa wa Wilaya.

Kasyupa aliachiwa miezi saba baadaye. Kosa lake la kukataa muhuri wa serikali lilikuwa limehamishiwa serikali mpya pamoja na viti na makabati, na ilibidi mtu apatikane wa kulisamehe. Alitembea siku mbili mpaka bondeni, ambako Wandule waliosalia walikuwa bado wamewekwa. Kijiji cha Amani sasa kiliitwa Kijiji cha Uhuru. Waya ulikuwa uleule, umepakwa rangi za bendera.

Alitaka kwenda kaburini kwa mkewe. Askari wa lango alimweleza kwa heshima kwamba mlima umefungwa, lakini mwenye marehemu huko huruhusiwa kupanda mara moja kwa mwaka, akionyesha cheti cha kifo.

Ofisi ya vyeti ilikuwa dirisha dogo, na nyuma ya dirisha alikaa karani aitwaye Bi Rukwaya, mwanamke kijana wa pwani, aliyehamishiwa huko kwa kosa la kuuliza maswali.

"Cheti chako kipo, babu," alimwambia siku ya kwanza, akimpitishia karatasi. "Tusekile binti Mwasanga. Homa ya mlima. Kesho uko kaburini."

Kasyupa aliishika ile karatasi. Ilikuwa nyepesi. Alifikiria kijito cha Lwiza, na majani ambayo bila shaka yalikuwa yameshafunika kila kitu, na miguu yake iliyokuwa inazeeka. Akairudisha dirishani.

"Hakuugua, mwanangu. Niandikie kingine."

"Haiwezekani, babu."

"Basi nitarudi kesho."

Alirudi kesho, na kesho kutwa. Watu wa kijijini walimwona. Wiki ya pili akaja mwanamke mmoja kusimama nyuma yake, kuandikisha upya kifo cha mwanawe. Wiki ya tatu walikuwa tisa. Mwezi ulipokwisha mstari ulizunguka jengo, na kila aliyefika dirishani alisema jina, akasema namna mtu wake alivyokufa, akaambiwa haiwezekani, akarudi mwisho wa mstari. Geuza aliutazama kupitia pazia, akatoa waraka kwamba kupanga mstari bila kibali ni mkutano. Siku hiyo askari waliwatawanya kwa virungu. Siku ya pili yake walikuwepo, wengine wakiwa wamefungwa vitambaa vichwani, Kasyupa mbele, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

Bi Rukwaya alimtazama lile jicho kwa muda mrefu.

"Babu," alisema, "orodha ina magonjwa kumi na mawili. Risasi haimo. Nimeitafuta usiku na mchana. Nikiandika neno risasi, wapiga muhuri huko juu wataikataa karatasi na mimi watanifukuza. Nipe ugonjwa. Wowote. Niambie kitu gani kilimuua."

Kasyupa akafikiri.

"Andika Serikali," alisema.

Karani akachovya kalamu, akaiinua, akasita. Akainama mpaka uso wake ukakaribia dirisha, na sauti yake ikawa ndogo sana.

"Ipi, babu? Ya zamani au hii?"

Kasyupa aliwaza askari walioelekeza bunduki kijitoni. Akamwaza yule kijana mwenye miwani, jinsi alivyolia, na jinsi alivyobadilisha mkono.

"Ya zamani ilimuua," alisema. "Hii ndiyo inayomzuia kufa vizuri. Andika zote mbili."

Bi Rukwaya akatazama mlango uliokuwa nyuma yake. Akainuka, akaufunga kwa komeo, akarudi kuketi. Akachukua karatasi mpya, akaandika polepole, kwa mwandiko wa shule, kila herufi peke yake. Kisha akampitishia.

"Sijui kusoma, mwanangu. Nisomee."

Akamsomea: jina, jina la baba yake, mahali, siku, na sababu.

Kasyupa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono yote miwili kwenye ukingo wa dirisha. Waliokuwa nyuma yake walisogea ili nao wasikie.

"Soma tena," alisema. "Kwa sauti."